Tupeane uzoefu: chakula cha usiku ulichompikia mwenza wako kwa mkono wako

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Leo naomba tuzungumzie kumpikia mwenza wako chakula cha usiku, nyumbani, kwa vitu vya kawaida vya gengeni. Kuku mzima wa kuoka na mishumaa tuwaachie wenye hoteli. Nauliza habari za sufuria moja au mbili, na watu wawili wanaokula pamoja.

Mke wangu ni muuguzi. Akiwa zamu ya mchana anatoka saa mbili usiku, na foleni ikimshika anafika nyumbani saa tatu na nusu, miguu imevimba. Siku hizo jikoni ni kwangu. Nampikia wali wa nazi na mchuzi wa changu, kwa sababu ndicho chakula anachokimaliza hata akiwa amechoka kiasi cha kushindwa kuongea.

Samaki namnunua Feri asubuhi, namsafisha, namtia chumvi, ndimu na kitunguu swaumu, namweka kwenye friji. Jioni nakuna nazi mbili, moja ya wali na moja ya mchuzi. Kila moja naitenga tui zito na tui jepesi. Mchele nusu kilo unaanza na tui jepesi na chumvi. Maji yakikaribia kukauka ndipo namimina tui zito, nageuza mara moja, nafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Ukikorogakoroga wali unakuwa bokoboko. Samaki namkaanga nusu, kisha kitunguu, nyanya, bizari ya manjano, ukwaju kidogo na tui jepesi. Tui zito linaingia mwisho, na hapo huondoki jikoni: unakoroga taratibu mpaka lichemke, la sivyo linakatika.

Ushauri wangu ni mmoja. Pika anachokipenda yeye, hata kama wewe sifa zako ziko kwenye biriani. Leteni na ninyi: mlipika nini, na kwa nini hicho?

Mchangiaji, Tanga

Mimi ni Mdigo, mume wangu ni Mhaya. Kwetu ndizi nilizijua za kukaanga, na zile mbivu za nazi wakati wa futari. Kwao ndizi ndiyo chakula chenyewe. Hata ale pilau, bado atasema hajala. Nikaamua kumpigia simu mama mkwe bila mume wangu kujua.

Mama alinielekeza kwa utaratibu mpaka basi. Maharage yachemke kwanza yakaribie kuiva. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, utomvu wa ndizi hautoki kirahisi. Kila ndizi unayomenya itumbukize kwenye maji isiwe nyeusi. Zipange juu ya maharage, tia kitunguu, nyanya, chumvi na mafuta, funika kwa jani la mgomba, moto uwe mdogo. Akanisisitiza nitafute ndizi za Bukoba zenyewe, nisithubutu mzuzu, maana mzuzu ni wa kukaanga na kuchoma.

Mume wangu alipofunua sufuria alinitazama, akaenda kunawa, akala. Akasogeza sahani nimwongezee. Kisha akampigia mama yake, wakaongea Kihaya muda mrefu, mimi nikaambulia jina langu tu. Tangu siku hiyo mimi na mama mkwe tunapigiana simu zetu wenyewe.

Mchangiaji, Nairobi

Ndengu na chapati. Mpenzi wangu hali nyama, na mahali pengi tukienda kula anaishia kuletewa chipsi. Ndengu naziloweka asubuhi, jioni nachemsha, nakaanga na kitunguu, nyanya, tangawizi na dania. Unga wa chapati naukanda kwa maji ya uvuguvugu na mafuta, kisha naufunika upumzike angalau nusu saa. Ukiuharakisha chapati zinakuwa ngumu. Yeye husukuma, mimi nageuza.

Mchangiaji, Arusha

Samahani wakuu, mimi sikubaliani sana. Mara moja moja sawa, lakini mwanamume kuingia jikoni kila wiki ni kumzoesha mwanamke vibaya.

Mwanzisha mada

Kaka yangu, nakuheshimu, lakini tazama huku pwani. Kwenye harusi, anayesimamia sufuria kubwa la pilau mara nyingi ni mwanamume. Anayechoma mishkaki ni mwanamume, na wa chipsi pale kona ni mwanamume. Mikono ile ile inapika kwa ajili ya wageni na wateja, na hakuna anayesema wamezoeshwa vibaya. Kwa nini iwe aibu ikimpikia mtu unayelala naye kitanda kimoja? Mke wangu ameshinda amesimama akihudumia wagonjwa. Akifika akikuta wali uko tayari, anaoga, anakula, tunaongea. Mazungumzo hayo nayathamini kuliko kitu chochote cha siku hiyo.

Mchangiaji, Ujerumani

Mwenza wangu ni Mjerumani. Hapa wengi usiku wanakula mkate na jibini, chakula cha moto ni cha mchana. Kwa hiyo nilipompikia mara ya kwanza maharage ya nazi na spinachi usiku aliuliza tunasherehekea nini. Sasa Ijumaa ni siku yetu ya chakula cha moto, na anataka nimfundishe. Tatizo ni nazi. Natumia tui la kopo na wali unatoka mzito. Nifanyeje?

Mchangiaji, Mombasa

Dada, tui la kopo ni zito tangu mwanzo. Kwa wali, lichanganye na maji, kopo moja kwa maji ya kopo moja, halafu ongeza maji kulingana na mchele wako. Bakisha vijiko vichache usivichanganye, umalizie navyo. Kwa mchuzi wa kupaka litumie kama lilivyo.

Mchangiaji, Morogoro

Mchumba wangu ana vidonda vya tumbo. Pilipili, ndimu na ukwaju hagusi. Nimpikie nini Jumamosi?

Mwanzisha mada

Muulize kwanza yeye, maana kila mwenye vidonda anajua kinachomsumbua. Akisema ndizi na nyama havina tatizo, mpikie mtori. Chemsha nyama yenye mifupa na kitunguu mpaka ilainike, itoe pembeni. Ndizi zipikie kwenye supu ile mpaka ziwe laini kabisa, zivuruge kwa mwiko, punguza kwa supu, kisha rudisha nyama iliyokatwa vipande vidogo. Chumvi tu inatosha. Mtori ukipoa unaganda, kwa hiyo bakiza supu pembeni, na uupashe akishafika mlangoni.