Naomba ushauri: begi la mgongoni la jeshi, la bei nafuu, kwa maisha ya porini
Ndugu wanachama, naomba ushauri wa wenye uzoefu wa kulala porini siku mbili au tatu. Natafuta begi la mtumba lililotoka jeshini, litakalobeba turubai, blanketi, sufuria, panga na maji bila kuachia mishono. Nimevutiwa na begi liitwalo ALICE la jeshi la Marekani, la miaka ya 1970, hasa lile la ukubwa wa kati, kwa kuwa linaweza kubebwa hata bila fremu yake ya alumini, ilhali lile kubwa huitegemea fremu hiyo. Jingine ni LK35 la Sweden, la lita 35, ambalo fremu yake ni ya chuma na, nakiri, uzito wake likiwa tupu unanitia shaka. Begi la jeshi la Uingereza liitwalo Bergen naliona kubwa mno kwa safari fupi. La mabakamabaka silitaki, kwani baadhi ya nchi huwakataza raia kuyatumia. Je, ninyi mngechagua lipi? Na kwa begi lililokaa ghalani miaka mingi, nikague nini kwanza: mishono, vifungo, au ule utando wa ndani wa kuzuia maji, ambao ukizeeka hubanduka na kunata?