Naomba ushauri: uzi gani unafaa kushonea mfano wa mtepe?

Fundi_Langoni: Assalamu alaykum wakubwa zangu. Ninatengeneza mfano wa mtepe, kile chombo cha kale cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba, kwa skeli ya 1:20. Utakaribia mita moja kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na nimekwama kwenye ushonaji. Usumba halisi, yaani kamba ya makumbi ya nazi, ni mnene mno kwa kazi ndogo kama hii, uzi wa nailoni unang'aa, na wa pamba unatoa manyoya. Mwenye uzoefu anieleze uzi unaofaa na namna ya kuutia rangi, kwani muda umenibana na usingizi siupati.

Binti_Pate: Wa alaykumu ssalaam, kaka. Mimi ningeanza na tanga. Tanga la mtepe lilikuwa la mraba, limesukwa kwa miaa, wala halikuwa kitambaa cha pembetatu kama la jahazi. Babu yangu alikuwa akitusimulia kwamba omo ile ndefu ni shingo ya ngamia wa Mtume, na kwamba macho yaliyochorwa pale yalikiangalilia chombo njia. Usiyasahau macho hayo.

Mchongaji_Malindi: Huku kwetu wageni wakitoka kwenye nguzo ya Vasco da Gama huulizia meli zake za mwaka 1498, na mafundi wengi huwauzia mfano wa São Gabriel, meli yake kuu, yenye matanga ya pembetatu matupu. Meli ile ilikuwa na matanga ya mraba kwenye milingoti miwili ya mbele, na la pembetatu kwenye ule wa nyuma peke yake. Nimepoteza wateja kwa kushikilia jambo hilo, na sijuti.

Tezo_na_Keekee: Tumrudie mwenye swali. Uzi wa katani uliosokotwa, ukipitishwa kwenye nta ili manyoya yalale na kulowekwa kwenye chai kavu iliyokolea, utakufaa. Kama kamba halisi ina unene wa sentimita moja, wako uwe nusu milimita. Lakini nieleze kwanza: mbao zako umeziunganishaje kabla ya kushona?

Fundi_Langoni: Ahsante, mwalimu. Mbao zimekaa vizuri, hazina tatizo. Je, chai hiyo haitachujuka baadaye?

Tezo_na_Keekee: Sikuuliza kama zimekaa vizuri. Zimeshikwa na nini?

Fundi_Langoni: Zimeshikwa kwa gundi na vipini (pini ndogo) vya shaba, juu ya mataruma, zile mbavu za ndani. Nitasema kweli yote: ganda hili lilikuwa la jahazi, aliliagiza mtu akaghairi. Baadaye shule moja ikaagiza mtepe na kulipa nusu ya fedha, nami nikaona si vyema kutupa kazi nzuri. Nimeongeza omo ndefu na kutoboa matundu ya kushonea. Vipini havionekani kwa nje, na ndani hachungulii mtu.

Nahodha_Mstaafu: Mwanangu, fedha ya shule ni amana. Watoto watapima kwa macho na kuamini wanachokiona.

Mpiga_Hesabu: Naomba radhi kwa wote, lakini nadhani kisa hiki kimetungwa. Jahazi lina tezi iliyokatwa bapa, ilhali mtepe ulichongoka mbele na nyuma. Hakuna omo ya kuongeza itakayoficha hilo. Tena mtu wa mtaa wa Langoni anatembea dakika chache tu kufika makumbusho ya Lamu, iliko mifano ya mitepe. Kwa nini aje kuuliza hapa?

Binti_Pate: Hata mimi nimeanza kuingiwa na shaka.

Fundi_Langoni: Sikutunga neno. Ile tezi niliikata kwa msumeno mwembamba, nikasimamisha fashini (mti wa nyuma) mpya yenye mlalo, kisha nikazileta mbao za pande mbili zikutane hapo baada ya kuzilowesha na kuzipinda kwa mvuke. Mbao mbili za juu zilipasuka na nimezibadilisha. Makumbusho nimekwenda, ila umbo la nje ndilo nililoliangalia. Naamini anayetazama kwa mbali ataona mtepe.

Mpiga_Hesabu: Aliyepasua mbao mbili za juu kwenye mkunjo huo ameshika kazi kweli. Nimeondoa shaka yangu.

Tezo_na_Keekee: Basi nisikilize, ndugu yangu. Mtepe ulianza na ganda: mbao ziliunganishwa ukingo kwa ukingo kwa vigingi vya mti na kushonwa, na mataruma yakatiwa baadaye na kufungwa kwa kamba. Ukosefu wa misumari ndio uliokifanya chombo kinyumbuke kilipokwama mchangani, na ndio uliokifanya kivuje hata mabaharia wakawa wanafua maji, yaani kuyatoa chomboni, safari nzima. Ukiweka mataruma kwanza, umejenga chombo kingine. Chonga umbo la mti laini, lifunike kwa nailoni ili gundi isigande, pangia mbao juu yake, zitoboe, zishone, kisha chomoa umbo na utie mataruma. Hilo la zamani lirudishie tezi yake na omo iliyosimama wima kama majahazi ya Lamu, na uliuze kwa jina lake.

Fundi_Langoni: Shule inausubiri kabla ya muhula kufungwa, na fedha yao nimeshanunulia mbao. Kuanza upya ni mzigo, na bado nasema hili la sasa si baya. Lakini umbo la mti laini ninaweza kulichonga wiki hii. Vigingi vya ukingoni viwe na unene gani?

Tezo_na_Keekee: Milimita moja, kutoka kijiti cha mwanzi. Toboa nusu ya kina kila upande, na usitie gundi.