Naomba ushauri: staa anatangaza chai ya kupunguza uzito, tumwamini?

Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu, tunaishi naye Donholm, anataka kulipia programu ya kupunguza uzito: chai, vidonge na "kocha" wa kumpigia simu. Bei inakaribia kodi yetu ya mwezi. Kilichomvuta ni mwigizaji mmoja wa hapa Nairobi anayejirekodi na kikombe mkononi, kiuno kimeingia ndani. (Taa na kamera nazo zina kazi yake, jamani.)

Pakiti nimeishika mwenyewe. Imeandikwa "asili tupu", viungo havijatajwa, alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) haipo, na chini kwa herufi ndogo mno: "matokeo hutofautiana". Mwigizaji naye hasemi popote kama analipwa.

Hata Oprah Winfrey, mwaka 2015 alinunua asilimia 10 ya hisa za Weight Watchers, kampuni ya programu za kupunguza uzito, akawa sura ya matangazo yao. Desemba 2023 akasema anatumia pia dawa ya kupunguza uzito. Angalau yeye hisa zake zilijulikana, na kwamba anatumia dawa alisema wazi. Huyu wetu je?

Nikisema, naambiwa nina wivu. Chai nyingi za namna hii huwa na sena, dawa ya kuendesha tumbo, kwa hiyo unapoteza maji, si mafuta. Kuna aliyezitumia? Na hivyo vidonge, nikaulize Bodi ya Famasia na Sumu kama vimesajiliwa, au nianze na mtaalamu wa lishe hospitalini? Pesa anatuma Ijumaa.