Bivi ama hema la mtu mmoja? Mliolala nje hapa Uganda, tupeane uzoefu

Habari zenu wapendwa. Niko Kampala, mwezi wa kumi na mbili napanda mlima Elgon kutokea Budadiri halafu nikirudi nazunguka ziwa Bunyonyi kwa miguu, na pesa niliyo nayo inanunua kitu kimoja tu. Bivi, yaani ule mfuko wa kuzuia maji unaouvalisha juu ya slipingi begi ukalala bila hema, naipendea uzito, nyingi hazifiki hata kilo na inakunjwa inaingia pembeni ya begi, ila hema la mtu mmoja la bei yangu linakaribia kilo mbili na nguzo zake. Sasa sitaki maneno ya matangazo, nataka mtu aliyelala ndani akaamka asubuhi. Mwageni.

dada_wa_ziwani
Mi niko Kalangala, na visiwani huku bivi ya kawaida isiyo na neti sikushauri kabisa. Ukifunga zipu mpaka juu unakosa hewa, ukiacha uso nje mbu wanakula uso, na mbu wa malaria ndio hao hao wa usiku wewe umelala. Zipo zile zenye kiupinde kichwani na neti, hizo angalau, ila usiku neti ikikushukia kwenye pua mbu anakunywa kupitia hapo hapo kwenye vitundu. Kwenye hema neti iko mbali na ngozi. Kwangu kesi iliisha hapo, mengine sijui kilo ngapi ni ya watu wa milimani.

kasese_kwetu
Mtu wa milimani nimefika 😂. Kwanza Rwenzori ukipita ile njia ya kati kutoka Nyakalengija unalala kwenye vibanda, Nyabitaba, John Matte, Bujuku, mpaka Elena kule mita 4,541, kwa hiyo hema hubebi kabisa. Bivi mi naivalisha juu ya slipingi begi ndani ya kibanda, inakata upepo na matone ya paa, hapo ni tamu.

Lakini nje, mzee, tatizo si mvua inayoingia, tatizo ni maji yako mwenyewe. Usiku mzima unatoa mvuke, jasho na pumzi, na kile kitambaa kinachosemwa kinapumua kinafanya kazi pale ndani kukiwa na joto na unyevu kuliko nje. Kwetu nje kumelowa tayari, ukungu umeshika kila kitu, mvuke uende wapi? Unageuka maji kwenye kitambaa, unarudi kwenye slipingi begi, na kama yako ni ya manyoya ya bata ikilowa inasinyaa na joto linakwisha. Asubuhi unaamka mkono wa shati umelowa na hakuna mvua iliyonyesha. Na usijaribu kuingiza kichwa ndani upumulie humo ati upate joto, ndio unamaliza kabisa.

mbarara_boy
Swali langu kwa watu wa bivi: mvua ikinyesha saa kumi jioni mnakaa wapi? Maana hema hata dogo vipi unakaa, unavua soksi, begi liko ndani, viatu viko pale mlangoni chini ya turubai. Bivi ni ya kulala tu, viatu nje, begi nje, kubadilisha suruali ni sarakasi.

Na kule hifadhi ya Lake Mburo wale viboko wanatoka majini usiku kula nyasi, wanapita katikati ya kambi hivi hivi unawasikia wanang'oa nyasi mita chache. Hema siyo ukuta, hilo tukubaliane, lakini ni kitu kimesimama kinaonekana. Mi kulala chini kama gunia kwenye njia ya kiboko hapana ssebo.

mpanda_baiskeli_kabale
Jamani mnaionea bivi. Mi natembea na baiskeli, nafika kijiji kiza kimeingia, naomba baraza la kanisa au la shule, natandika, nalala, alfajiri nimeondoka. Hema la vigingi kwenye sakafu ya simenti unalichomeka wapi? Nafunika na kiturubai kidogo nikikosa baraza. Ila kweli hiyo ni msimu wa kiangazi, mvua za Machi mpaka Mei mi mwenyewe nalala gesti.

mtu_wa_mbale
Siafu hamjawataja!! Wakipita wanapita, na kutoka kwenye bivi umefungwa mpaka kidevuni na siafu wako ndani ya soksi, ni ile zipu moja tu na giza. Hema lenye sakafu iliyoshonwa zipu ikiwa nzima linakupa muda wa kufikiri.

Halafu mwenye swali, Elgon usidanganyike na wazo la bivi ndani ya pango ati pako pakavu. Pango lenye popo sipendi mtu alale. Kumbukeni 2008, mtalii wa Uholanzi aliingia lile pango la popo Maramagambo, kule hifadhi ya Queen Elizabeth, kutembea tu siyo kulala, akafa kwa Marburg, ugonjwa wa virusi vya popo. Piga hema kambini, pale Mude ni mita 3,500 na usiku baridi inauma kweli, pesa ikibaki iweke kwenye mkeka wa kulalia maana ardhi ndiyo inakunyonya joto.

(mwenye swali)
Webale nyo nyote, basi ni hema. Sasa Bunyonyi kule ni matuta tupu, hema nalisimamisha vipi?

mpanda_baiskeli_kabale
Tafuta lile linalosimama lenyewe bila vigingi. Lilaze kufuata tuta, mlango usitazame juu mlimani maana maji yanashuka huko, na usijibane chini ya ukingo wa tuta la juu, udongo ukilowa unamomonyoka. Na kabla ya yote muulize mwenye shamba, mara nyingi anakuonyesha sehemu nzuri kuliko uliyoichagua, nyingine ni uwanja wa nyumba yake kabisa.

dada_wa_ziwani
Na zipu ya neti ijaribu dukani, fungua funga mara kumi muuzaji akikuangalia.