Naomba ushauri: shujaa wangu mwenye ualbino apewe nguvu za ajabu?

Wakuu, habari za jioni. Niko Lindi mjini, naandika riwaya ya vijana. Shujaa ni binti mwenye ualbino, analelewa na bibi yake karibu na Tendaguru, kule Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin. Wenzake hawamchezeshi rede. Msimu wa korosho anaokota peke yake, kofia pana, shati la mikono mirefu, jua la utosi.

Mpango ulikuwa agundue kwamba mifupa ile huongea naye yeye tu. Hapo nikakwama. Hadithi nyingi za aina hii humpa mtoto aliyetengwa nguvu ya kuzaliwa nayo, na kusema kweli hunoga. Lakini kwetu watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani hiyohiyo, eti miili yao ina nguvu. Nikimpa miujiza, si nawapigia debe waganga? Nikimnyima, abaki na nini, akili ya kusoma ramani za wachimbaji? Rafiki kaniambia nimfanye yatima wa kawaida tu. Sitaki.

Walimu, wazazi, na hasa ndugu zangu wenye ualbino, mnasemaje? Atakayekuwa tayari kuisoma sura ya kwanza aniambie, nimtumie.