Wakuu naomba ushauri: printa gani ya wino inafaa kwa picha za pasipoti na kuchapa vikombe?

MamaStesheneri_Moro:
Habari zenu wakuu. Nina kaduka kangu ka stesheneri hapa Morogoro, fotokopi napigia leza inanitosha, sasa nataka niongeze picha za pasipoti saizi na hivi vikombe na tisheti za kuchapa maana msimu wa mahafali watu wanaulizia mpaka naona aibu kuwajibu sina. Kuna kaka anauza printa yake used ya katriji, kaiwekea vile vimirija vya wino pembeni, anasema nikitia wino wa sublimesheni inapiga vikombe bila shida. Dukani nako nimeoneshwa ya matangi, eti ina dpi 5760 kwa hiyo picha inakuwa kali kuliko studio. Bei zimepishana mbali. Bajeti yangu haivuki milioni, na presi (ile mashine ya joto ya kubandikia picha) humo humo. Mwenye uzoefu anisaidie, msinitukane jamani.

Fundi_Wino:
Dada angu, kabla ya bei muulize huyo kaka swali moja tu, hiyo hedi (kile kichwa chenye matundu ya kutoa wino) inarusha wino kwa joto au kwa piezo? Akibabaika shika njia.

Nikueleze. Mwaka 1977 kule Japani jamaa wa Canon anaitwa Ichiro Endo, chuma cha kulehemu cha moto kiligusa sindano ya bomba lenye wino, wino ukaruka. Basi wakaifanyia kazi hiyo, kila tundu la hedi likapewa kihita kidogoo, wino unachemka ghafla, povu linatanuka na kusukuma tone nje. Marekani nako John Vaught wa HP alifika hapo hapo kivyake, yeye wanasema wazo lilimjia kwenye birika la kahawa linavyochemka, na 1984 ikatoka ThinkJet, matundu 12 tu. Printa nyingi za katriji mpaka leo ni ukoo huo.

Sasa wino wa sublimesheni umetengenezwa ugeuke mvuke ukikutana na joto la presi. Ukiutia kwenye hedi ambayo yenyewe inafanya kazi kwa kuchemsha, masalia yanaganda kwenye vihita na hedi inakufa taratibu huku unadhani ni wino feki. Piezo haichemshi kitu, ni kipande cha seramiki kinachojipinda kikipewa umeme, kinauminya wino unatoka. Epson ndio wameshikilia hiyo njia, Micro Piezo yao ya kwanza ni ya 1993. Ndio maana printa za vikombe unazoziona mitaani karibu zote ni za matangi za Epson, sio ushabiki.

Kidume_cha_Kihonda:
Huyo kaka anakuuzia mgonjwa wake umuuguze wewe 😂😂 kimbia

PichaMwanza:
Fundi kamaliza kuhusu hedi, mimi niguse hiyo 5760 maana wauzaji wanawapiga watu sana hapo. Hiyo ni idadi ya sehemu ambazo printa inaweza kuweka kitone kwenye inchi moja, sio ubora wa picha yako. Printa ya rangi nne haina wino wa rangi ya ngozi, inachanganya vitone vingi vya samawati, majenta, njano na nyeusi mpaka jicho lidanganyike, kwa hiyo vitone 5760 vinaliwa vingi kupata nukta moja ya rangi. Picha yenyewe ikiwa na pikseli 300 kwa inchi umemaliza. Pasipoti ya mm 35 kwa 45 ni kama pikseli 413 kwa 531, simu yoyote ya leo inazidi hapo mara nyingi. Kinachoharibu ni mteja kukutumia picha WhatsApp ikiwa imeminywa, mwambie aitume kama dokyumenti.

Kama picha ndio roho ya biashara yako tafuta ya rangi sita, mfano Epson L805, ina samawati nyepesi na majenta nyepesi na tone lake dogo linashuka hadi pikolita 1.5, kwenye paji la uso linapong'aa huoni chenga. Ya rangi nne nayo inatosha kwa pasipoti, tusidanganyane.

Mzee_wa_Toner:
Mnamzungusha bure. Achukue leza ya rangi, haizibi, haikauki, yamekwisha.

PichaMwanza:
Mzee, siku umeingiza karatasi glosi ya printa za wino kwenye leza utanitafuta. Ile ngozi yake ya juu inayeyuka na kunasa kwenye rola ya moto. Leza ni ya vipeperushi, picha ya sura ni kitu kingine.

MamaStesheneri_Moro:
Asanteni sana wakuu nimeanza kupata mwanga. Sasa printa moja si inaweza kufanya vyote, picha na vikombe? Na mbona kuna duka nilipiga picha hapa mjini nikatoka wa kijani kama mgonjwa, kwenye kompyuta nilionekana vizuri kabisa?

Fundi_Wino:
Moja haiwezi. Yaani hedi inaweza ila wino ndio tatizo, wa sublimesheni ukiupiga kwenye karatasi ya picha unatoka umepauka, rangi yake inaamka kwenye presi tu, na kila kubadilisha wino ni kusafisha mirija yote, hasara tupu. Chagua kimoja uanze nacho, mimi ningeanza na picha, pasipoti zinaulizwa mwaka mzima, mahafali yanapita.

Ukijani: skrini inatoa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu, karatasi inategemea wino, lazima kuwe na profaili ya kutafsiri kati yao. Profaili ya kiwandani imepimwa na wino wa kiwandani. Wenzetu wananunua wino wa lita wa bei chee, profaili ile ile, karatasi nyingine kabisa, halafu wanalaumu kamera. Nunua wino wake halisi, na kwenye kupiga chagua aina ya karatasi uliyoweka, usiache pleni, yaani karatasi ya kawaida.

Mengine ya haraka. Zima kwa kitufe chake sio ukutani, ndio hedi inarudi kujifunika isikauke. Piga ukurasa wa rangi kila wiki hata kama hakuna mteja. Usisafishe hedi ovyo, wino wote ule unaenda kwenye sponji chini, ikijaa mashine inagoma.

Binti_Tisheti:
Naongezea, sublimesheni haishiki pamba wala kitambaa cheusi, ni poliesta nyeupe au nyepesi. Na vikombe ni vile vilivyopakwa dawa, sio vya sokoni. Usije ukachukua oda ya tisheti za pamba za kwaya ukalia.

MamaStesheneri_Moro:
Basi nimeelewa, used simchukui, naanza na ya picha. Presi ya vikombe nikija kuchukua baadaye, umeme inakula sana? Luku hapa tunachangia na saluni.

Binti_Tisheti:
Ya kikombe kimoja ni ndogo, wati 300 na kitu. Ile bapa ya tisheti ya sm 38 kwa 38 ndio mlaji, inaenda 1,400 mpaka 1,800, hiyo usiichomeke kwenye ekstensheni moja na draya za saluni, na mita ya kuchangia wekeni makubaliano kabisa kabla hujainunua.