Tupeane uzoefu: kompyuta yako ya mezani ilipogoma kuwaka, tatizo lilikuwa nini?

Mleta mada
Wakuu, habari za wakati huu. Nimeleta uzi huu kwa sababu wiki iliyopita nilibakiza kidogo nitupe madabodi (ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya kompyuta) ikiwa bado nzima. Usiku niliizima mashine vizuri, asubuhi nabonyeza kitufe, kimya. Hakuna feni wala mlio. Fundi niliyempigia simu akasema madabodi imekufa, na hata kuiona hajaiona.

Roho ikakataa. Nikafungua kava, nikaona kitaa kidogo kwenye madabodi kinawaka. Maana yake ule umeme wa volti 5, ambao pawasaplai (boksi linaloigawia kompyuta umeme) inautoa hata mashine ikiwa imezimwa, ulikuwa unafika. Sasa kama unafika, kwa nini haiwaki? Nikachomoa kiplagi cha kitufe cha mbele, kile kilichoandikwa PWR SW, nikagusanisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja tu. Ikawaka palepale! Kumbe kitufe ndicho kilichokufa. Nimechomeka waya wa kitufe cha riseti kwenye pini zile, na ndicho ninachowashia mpaka leo.

Wewe yako ilikuwa nini? Tupeane uzoefu, kuna watu wananunua vifaa vipya bila sababu.

#2
Yangu ilikuwa ekstensheni. Taa yake inawaka vizuri, ila tundu nililokuwa natumia limeungua kwa ndani. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa kompyuta nachomeka taa ya mezani kwenye tundu hilohilo nione kama inawaka.

#3
Mimi ni fundi, na kesi iliyonifundisha zaidi ni hii. Mteja alileta mashine inayoshtuka: ukibonyeza, feni zinazunguka kama nusu sekunde, kisha inazima. Nikaweka pawasaplai nyingine ambayo najua ni nzima. Hali ileile.

Hapo nikajua pawasaplai haina kosa, inajilinda. Ikihisi shoti mahali inakata umeme yenyewe. Kwa hiyo nikaanza kuchomoa kimoja kimoja, na kila nikichomoa najaribu kuwasha: diski, bado, kadi ya picha, bado, waya unaokwenda kwenye matundu ya USB ya mbele, ikawaka. Nikamulika tochi ndani ya tundu, nikaona vijipini vimepinda vimegusa chuma cha pembeni. Mtu alilazimisha flashi kuingia kinyume. Madabodi nzima, pawasaplai nzima, ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) nzima.

Kesi nyingine inayofanana na hiyo ilikuwa skrubu moja iliyodondoka ikajificha nyuma ya madabodi.

#4
Dada fundi #3, yangu kitaa cha kwenye madabodi kinawaka, na mbinu ya bisibisi ya mleta mada nimeijaribu, haitikisiki. Nimechomoa kila kitu cha ziada, bado. Nina mita ya kupimia umeme. Naipimaje pawasaplai yenyewe?

#3
#4, vizuri kama una mita. Chomoa waya wa ukutani kwanza, kisha toa plagi zote za pawasaplai kwenye madabodi, diski na kadi. Kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 tafuta waya wa kijani, ni mmoja tu. Uunganishe na mweusi wowote kwa kipande cha waya, ndipo urudishe umeme ukutani. Pima kwa kutumia mweusi kama hasi: waya wa zambarau usome karibu na volti 5, wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6. Usitegemee feni peke yake, kuna pawasaplai ambazo feni haizunguki mpaka zipate joto.

Ujue pia kwamba kipimo hiki hakiipi mzigo. Pawasaplai inaweza kufaulu hapa ikafeli ikibebeshwa mashine. Ila ikifeli hapa, imefeli.

Na tafadhali sana, usifungue boksi la pawasaplai. Kapasita za ndani (vile vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme) huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya. Hili nalisema kwa uzito wote.

#5
Nakazia hapo kwa dada. Na kama pawasaplai yako ina kile kiswichi chekundu cha 115 na 230 nyuma, kitazame kabla ya kuchomeka. Yangu kuna mtu alikisogeza kwenye 115 wakati wa kufuta vumbi, na umeme wetu ni wa 230. Mlio ulikuwa mkubwa, na moshi juu. Hiyo hakuna cha kupima tena.

#6
Ya kwangu haikufa ghafla. Ilianza kuwaka mara ya pili ya kubonyeza, baadaye ya tano, baadaye ikagoma kabisa. Madabodi ilikuwa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi ambazo bodi nyingi zilitoka kiwandani na kapasita mbovu. Kuzitazama juu zimevimba, mbili zimevuja ugiligili wa kahawia. Zingatieni dalili ile ya kuwaka kwa kubembeleza, na hifadhini mafaili yenu wakati bado inawaka.

#7
Yangu feni zinazunguka ila skrini nyeusi.

Mleta mada
#7, hiyo inapata umeme, ni ugonjwa mwingine. Anza kwa kuchomoa ramu na kuirudisha vizuri, na hakikisha ile plagi ndogo ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa (ubongo wa kompyuta) imechomekwa.

#4
Nimepima. Zambarau 5.1. Nikaunganisha kijani na mweusi: feni kimya, njano sifuri. Nimerudia mara tatu. Kesho naazima pawasaplai ya rafiki yangu.

#4
Mrejesho: imewaka. Mafaili yangu yote yapo. Dada #3, asante sana.